Sadaka ya Rubani na Thawabu Yake



Liko swali ambalo yafaa tulitazame pamoja mwezi huu, nalo ni hili: Mtu akitoa mali yake, na miaka ya ujana wake, na raha ya nyumbani kwake, ili apate kazi ngumu yenye heshima, je, huko kutoa tukuite sadaka? Na akiisha kuipata kazi hiyo, malipo yake tuyaite thawabu? Au yote mawili ni biashara tu, kama mtu auzaye pamba na kupokea fedha, wala asidai kuwa amemtolea Mungu kitu?

Nimechagua kazi ya rubani wa ndege za abiria iwe mfano wetu, na sababu zangu ni mbili. Ya kwanza, gharama ya kazi hiyo ni kubwa, tena inaonekana wazi. Kwa hiyo yatusaidia kuyaona mambo ambayo katika kazi nyingine yamefichika. Ya pili, vijana wetu wanaitamani. Hapa Didia hatuna kiwanja cha ndege. Lakini kiwanja cha Ibadakuli ki karibu na mji wa Shinyanga, nacho katika miaka ya 2020 kilianza kutengenezwa upya. Mwadui, penye mgodi wa almasi ambayo John Williamson aliigundua mwaka 1940, pana kiwanja chake. Na upande wa Geita uko uwanja wa Chato. Mtoto achungaye ng'ombe katika mbuga zetu husikia mngurumo juu, huinua macho, naye husema moyoni, Siku moja nitakuwa mimi. Kutamani hivi si dhambi. Lakini kila tamaa njema yahitaji kuulizwa maswali kabla ya kupewa hatamu.

Tena na tulitazame neno lenyewe. Rubani ni neno la kale kuliko ndege. Watu wa pwani walimwita hivyo mtu aijuaye njia ya chombo baharini, aliyekiongoza kati ya miamba na mafungu hata kikaingia bandarini salama. Ndege zilipokuja, neno likapanda juu, lakini maana yake haikubadilika. Rubani hakuitwa hivyo kwa kuwa anaruka, maana hata kunguru huruka; aliitwa hivyo kwa kuwa anawaongoza wengine hata wafike. Tulishike neno hili, maana tutalirudia.

1. Gharama

Bwana wetu alifundisha ya kwamba mtu atakaye kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama (Luka 14). Basi na tuhesabu.

Ya kwanza ni fedha. Mafunzo ya urubani, tangu siku ya kwanza hata leseni ya kazi, hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Vijana wengi wa Tanzania walikwenda kujifunza katika nchi za mbali, kama Afrika ya Kusini na Marekani, ingawa siku hizi Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam nacho kimeingia katika kazi ya kuandaa marubani. Kwa mkulima wa huku, fedha hizo ni zizi zima la ng'ombe, na zizi la jirani juu yake.

Ya pili ni wakati. Kanuni za kimataifa zataka mtu awe ameruka saa 200 kabla ya kupewa leseni ya rubani wa biashara, au saa 150 akiwa katika mafunzo ya mfululizo yaliyokubaliwa na serikali. Na ili apewe leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa mkuu wa ndege kubwa ya abiria, hapana budi atimize saa 1,500. Kati ya leseni ile na hii wengi hukaa miaka, wakitafuta mahali pa kurukia, na wengine hawapapati kamwe. Neno hili la mwisho tulitie moyoni.

Ya tatu ni mwili. Rubani hupimwa na daktari kila mwaka, na umri ukiendelea, katika safari za namna fulani, kila miezi sita. Hupimwa macho, masikio, moyo na akili. Daktari akiona kasoro, kazi yaweza kusimama siku ile ile, hata kama mtu hakufanya kosa lo lote. Tena ujuzi wake nao hupimwa mara kwa mara katika chombo cha kuigiza safari, ambamo huletewa moto, na injini kuzimika, na giza, ili waone atafanya nini. Ni kazi ngapi nyingine ambazo mtu wa miaka hamsini, mwenye ujuzi wa miaka ishirini na mitano, hufanyiwa mtihani kana kwamba ameanza jana?

Ya nne ni nyumba. Ndege hazijui Noeli wala Pasaka. Rubani hulala katika miji asiyoijua, huamka usiku wa manane, na mara nyingi Jumapili humkuta angani. Mtoto wake hupata kipaimara, naye yuko mbali. Mamaye huzikwa, naye hufika matanga yakiisha. Gharama hii haiandikwi katika hati ya ada, lakini ndiyo wazee wa kazi hiyo huitaja kwanza.

2. Malipo

Malipo nayo yapo, wala tusijifanye watakatifu kuyadharau. Uko mshahara, ambao katika mashirika makubwa ni mzuri. Iko heshima. Iko furaha ya kazi yenyewe: kuona Ziwa Viktoria limelala chini kama bamba la fedha, na kuliona jua kabla halijawafikia walio chini. Mwaka 2014 dada mmoja wa Kenya, Irene Koki Mutungi, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa kapteni wa ndege ya Boeing 787. Wasichana wangapi waliosikia habari ile walisimama wima zaidi!

Lakini malipo yaliyo makubwa ya rubani ni yale ambayo hapana ayaonaye. Ndege ikitua salama, abiria hushuka, hutafuta mizigo yao, huenda zao. Hawasemi, Tumeokoka. Hawajui kwamba palikuwa na jambo la kuokoka. Kazi ya rubani ikitimizwa vema ni kana kwamba haikufanyika. Ndiyo maana nasema, mtu apendaye kusifiwa asiende huko. Atafurahi mwaka mmoja kwa ajili ya sare na kofia, kisha atauona utupu.

Sasa tumeiona mizani: upande huu gharama, upande huu malipo. Wengi huishia hapa. Huuliza tu, Je, upande gani ni mzito? Lakini swali la Mkristo halijaisha, maana mizani hupima biashara, haipimi sadaka. Kwa sadaka twahitaji maswali mengine matatu.

3. Je, nitoacho ni changu?

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 11, twasoma habari za Yeftha. Aliweka nadhiri kwa Bwana ili ashinde vita, kwamba atakayetoka kwanza mlangoni kumlaki atatolewa. Akashinda. Naye aliyetoka ni binti yake, mtoto wa pekee. Watu wengi hushangaa juu ya ukatili wa habari hii, na kwa haki. Lakini tutazame kosa lilipoanzia. Yeftha alitoa nadhiri, na mwingine akailipa. Ushindi ulikuwa wake, heshima ilikuwa yake, na gharama ilikuwa ya binti asiyeulizwa.

Sasa tuseme yuko mzee mmoja wa huku kwetu, mwenye ng'ombe thelathini na watoto sita. Kijana wake wa kwanza amefaulu hesabu na fizikia, naye ataka urubani. Humwendea na kusema, "Baba, naomba tuuze ng'ombe. Nikifika, nitawainua wote." Neno hili ni zuri, na kijana hasemi uongo, ndivyo anavyoamini. Lakini ng'ombe wale wametoka wapi? Kumi na wawili waliingia kwa mahari ya dada yake, aliyeolewa akiwa bado na hamu ya kusoma. Wengine walikuwa akiba ya kuwasomesha wadogo. Na mama yao, ambaye mikono yake ndiyo iliyolima mpunga uliowalisha wachungaji, hakuitwa barazani. Basi kijana yule akipanda angani, hajapanda kwa mbawa zake. Amebebwa na dada aliyeshuka ili yeye apande.

Sisemi kwamba mzee asiuze. Iko nyumba ambayo wote walikaa pamoja, mama na dada na wadogo, wakasema kwa hiari, Na aende, nasi tutangoja. Hiyo ni sadaka kweli, nayo ni ya wote. Nasema tu kwamba mwenye kutoa lazima aulizwe. Kilichotwaliwa kwa mtu asiyeulizwa hakiwi sadaka, hata kikipelekwa mahali patakatifu. Jina lake ni jingine. Na tena yafaa mzee ajiulize: Kama ni binti yangu aliyefaulu hesabu na fizikia, je, zizi lingefunguliwa? Asipoweza kujibu ndiyo, ajue kwamba hakuupima uwezo wa mtoto. Amefuata desturi tu.

Hapa sisi Walutheri tuna mfano wa nyumbani. Hans, babaye Martin Luther, alikuwa mtu wa machimbo na kuyeyusha shaba huko Mansfeld. Nadhani watu wa ukanda wetu wa dhahabu na almasi watamwelewa upesi. Kwa jasho la machimbo alimsomesha mwanawe, ili awe mwanasheria na kuinua ukoo. Mwaka 1505 mwana aliiacha sheria, akaingia utawani Erfurt, pasipo kumwuliza baba. Hans alikasirika sana. Na mwaka 1507, mwanawe alipofanya ibada yake ya kwanza ya meza ya Bwana akiwa kasisi, baba alimkumbusha mbele ya watu amri ya kuwaheshimu baba na mama. Miaka ilipita, na mwaka 1521 Luther aliandika kitabu juu ya nadhiri za watawa, akamwandikia baba yake dibaji. Alikiri kwamba nadhiri ile ilipuuza haki ya baba. Lakini akasema pia kwamba aliyemtoa katika kifungo chake si baba, ni Kristo.

Twajifunza mambo mawili. Kwanza, jasho la mzazi lina haki, wala mtoto asilikanyage kwa kusema ameitwa. Pili, haki hiyo ina mpaka. Mzazi aliyemsomesha mtoto hakununua mtumwa. Akitoa zawadi, na iwe zawadi. Akikopesha, na aseme mapema kuwa ni mkopo. Vijana wengi waliofanikiwa huchoka kwa sababu kila shilingi waliyopewa kwa jina la upendo hudaiwa baadaye kwa jina la deni. Na wengine, kwa upande wao, husahau kabisa zizi lililowapeleka. Wote wawili wameharibu kilichokuwa kitakatifu.

4. Je, natoa kwa ajili ya nani?

Wako Wakristo wadhanio kwamba ziko kazi za Mungu na kazi za dunia. Hao husema, Rubani wa misheni hutoa sadaka, rubani wa shirika la abiria hutafuta mshahara. Na tuliangalie neno hili kwa haki, maana lina ukweli ndani yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia baadhi ya watu waliorusha ndege za vita walianzisha chama cha MAF, ili chombo kilichotumika kuua kitumike kupeleka Injili na dawa. Nao kwa miaka mingi wamerusha ndege ndogo katika nchi yetu pia. Na mwaka 1957 daktari Michael Wood na wenzake wawili walianzisha kazi ya madaktari warukao, ambayo leo ni AMREF. Watu hawa walikubali viwanja vya majani, na vumbi, na mshahara mdogo. Twawashukuru.

Lakini Luther alitufundisha jambo ambalo twalisahau kila mara. Mungu hana haja na kazi zetu njema. Jirani ndiye mwenye haja nazo. Kwa hiyo mwito wa Mungu haukai utawani peke yake. Unakaa penye jiko la mama, na kiti cha hakimu, na shamba, na karakana, kila mahali ambapo jirani anahudumiwa. Mungu hujificha nyuma ya watu hawa, naye kwa mikono yao hulisha na kuponya na kulinda.

Basi rubani wa ndege ya abiria anamhudumia nani? Nyuma yake, katika safari moja tu ya Dar es Salaam kwenda Mwanza, ameketi mgonjwa anayekwenda Bugando, na mfanya biashara, na mjane anayekwenda kuzika, na mtoto anayesafiri peke yake. Yeye hawajui majina. Lakini roho zao zimo mikononi mwake saa ile. Akiifanya kazi yake kwa bidii na uaminifu, anampenda jirani kwa njia iliyo ya kweli kabisa, hata kama yuko kimya na macho yake yanatazama saa za injini. Akiifanya kwa uvivu, au akiwa amekunywa, au akificha ugonjwa ili asipoteze leseni, basi hata akiwa rubani wa misheni na kuimba nyimbo njiani, amemchukia jirani.

Kwa hiyo sadaka haipimwi kwa jina la shirika. Na hapa niseme neno juu ya vijana wetu waendao machimboni. Kijana wa Didia akienda Geita au Kahama kuingia katika duara, watu humsikitikia. Mwenzake akienda chuo cha urubani, watu humpigia vigelegele. Mmoja hushuka chini ya ardhi, mmoja hupanda juu ya mawingu. Lakini mbele za Mungu swali ni moja kwa wote wawili: Unakwenda kutwaa tu, au unakwenda kumtumikia mtu? Naye muuguzi wa zahanati abakiye kijijini mwetu, ambaye hapana ampigiaye vigelegele, asijione mdogo. Mbingu haiko karibu zaidi kwa mtu aliye futi elfu thelathini juu.

5. Je, wanaokula matunda wanajua bei yake?

Swali hili la tatu halimhusu rubani. Latuhusu sisi tunaopanda.

Siku ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya shirika la Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na kiwanja cha Bukoba, katika mvua na hali mbaya ya hewa. Ndani walikuwamo watu 43. Walikufa 19, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Wavuvi walikuwa wa kwanza kuwafikia kwa mitumbwi yao. Na mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisifiwa na taifa zima, akaingizwa katika jeshi la zimamoto na uokoaji. Siku iliyofuata watu walikusanyika katika kiwanja cha Kaitaba kuwaaga marehemu. Sharika zetu za Kagera zilikuwa na kilio, na sisi wa ng'ambo hii ya ziwa tulilia nao.

Sitasema neno juu ya sababu za msiba ule. Hiyo ni kazi ya wachunguzi. Nataka tutazame jambo jingine. Marubani wale walitoa yote tuliyohesabu hapo juu, kisha wakatoa na hili la mwisho. Na mvuvi yule, ambaye hakuwa na leseni wala saa 1,500, aliyaacha mambo yake akaenda majini kwa ajili ya watu asiowajua. Yeye hakuhesabu gharama, maana wakati haukuwapo. Ziko sadaka za namna mbili basi: ile ihesabiwayo kwa miaka, na ile itolewayo kwa dakika moja. Yote miwili ni ya jirani.

Sasa tukumbuke habari ya Daudi katika 2 Samweli 23. Alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na Wafilisti walikuwa wamekaa huko. Mashujaa watatu walipasua katikati ya jeshi, wakayateka, wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliyaona kuwa ni damu ya watu waliohatarisha roho zao kwa ajili ya tamaa yake.

Abiria ambaye hupiga kelele kiwanjani kwa sababu ndege imechelewa kwa ajili ya ngurumo na mawingu, anataka kunywa maji ya Bethlehemu. Mkubwa wa shirika ambaye humwonea rubani haya kwa kuwa amegeuza ndege na kurudi alikotoka, anataka kunywa maji ya Bethlehemu. Ujasiri wa rubani, wapenzi, si kupita katikati ya dhoruba. Mara nyingi ujasiri wake ni kusema, Leo haiwezekani, turudi. Neno hilo ni gumu kuliko kuruka, maana kwalo mtu hupoteza sifa, na mafuta, na pengine urafiki wa wakubwa. Sisi tunaomlazimisha kwa manung'uniko yetu tunashiriki katika hatari yake, lakini hatushiriki katika hukumu yake. Tujifunze kusema asante kwa safari iliyoahirishwa.

Na juu ya mshahara niseme hivi. Siku moja tu kabla ya msiba wa Bukoba, tarehe 5 Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma, kwa ajili ya akiba ya uzee wao na mambo ya malipo, mpaka mahakama ikawaamuru warudi kazini tarehe 9. Abiria wengi walikwama, na watu wengi waliwakasirikia marubani, wakisema, Hawa wanalipwa vizuri, wanataka nini tena? Hukumu ya kesi ile si yangu. Lakini tujihadhari na neno moja: tusitumie jina la sadaka ili kumnyima mtu ujira wake. Bwana mwenyewe alisema kwamba mtenda kazi anastahili malipo (Luka 10). Mtu aweza kujitoa sadaka mwenyewe. Hapana mtu mwingine awezaye kumtoa sadaka kisha akaokoa fedha. Kanisa nalo lisikie neno hili, linapofikiri juu ya posho za wainjilisti wake.

Na mgomaji naye ana swali lake: Abiria aliyekwama, mgonjwa yule, mjane yule, je, nimemkumbuka? Haki yangu ni kweli, na jirani yangu ni kweli. Asiyeona uzito wa mambo yote mawili hajaanza kufikiri.

6. Thawabu isiyotegemea mbawa

Wako wahubiri wa siku hizi wanaofundisha kwamba kila sadaka ni mbegu, nayo lazima irudi mara mia kwa fedha. Kijana husikia hayo, huwashawishi wazee, huuza zizi, humaliza masomo, naye hukaa nyumbani na leseni mkononi bila ndege ya kurusha. Ndipo husema, Mungu amenidanganya. La, mwanangu. Mungu hakusema hivyo, walisema watu.

Kazi za dunia haziwi na ahadi. Shirika la East African Airways lilianzishwa mwaka 1946, likabeba fahari ya nchi tatu, likafa mwaka 1977; watu wakatawanyika. Mwaka 2019 abiria wa ndege duniani walikuwa karibu bilioni 4.5, mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, wakawa bilioni 1.8 tu. Marubani wenye ujuzi wa miaka mingi, wasio na kosa, waliambiwa warudi nyumbani. Na hata asiyepatwa na hayo, umri humpata: kwa kanuni za kimataifa, afikapo miaka 65 hawezi tena kurusha ndege ya abiria katika safari za nchi na nchi. Siku moja huvua sare. Kama alikuwa rubani tu na si kitu kingine, siku hiyo hafi, lakini haishi pia.

Hapo ndipo tuonapo tofauti ya malipo na thawabu. Malipo hutoka kwa watu, nayo hukoma. Thawabu hutoka kwa Mungu, nayo hatuinunui kwa gharama yo yote. Maana tulihesabiwa haki kwa neema kabla hatujaruka hata saa moja. Mtu ajuaye hivyo yuko huru. Haruki ili awe mtu. Yu mtu tayari, aliyebatizwa na kupendwa, na kwa hiyo aweza kuruka kwa ajili ya wengine. Na akikosa kazi, au daktari akimzuia, amepoteza kazi nzuri, naye atalia kwa haki. Lakini hakupoteza nafsi yake.

Ninyi wainjilisti na wazee wa kanisa, mtaendewa na vijana na wazazi kwa ajili ya mambo haya. Msiwakatize tamaa kwa kusema kuwa kazi ile ni ya watu wa mijini. Wala msiwatie moto kwa ahadi zisizo zenu. Wahesabuni gharama pamoja nao kwa kalamu na karatasi. Kisha waulizeni maswali matatu: Unachotoa ni chako, na wote wenye haki wameulizwa? Utamtumikia nani ukifika? Na usipofika, bado utajua wewe u nani? Mkiwaita na mama na dada kusikia majibu, mtakuwa mmefanya vema zaidi.

Mwenye kujibu vema na aende, na usharika umwombee. Na kila tusikiapo ndege ikipita juu ya Didia, tumwombee aliye mbele na walio nyuma yake, wafike salama, na hao wanaowangoja wawapokee. Amina.